Matangazo ya kazi yenye kikomo cha umri yanavunja sheria, na gazeti hili linayachapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu aliandika hapa kwamba mtu aliyevuka miaka arobaini na bado anazunguka na bahasha ya vyeti anawazibia vijana riziki. Akamaliza kwa kutushauri tujiajiri. Nilisubiri mtu amjibu, nikaona kimya. Basi namjibu mimi, na nikimalizana naye nina neno na wewe pia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mama wa watoto watatu, mkazi wa Gongo la Mboto. Kazi yangu ni kutunza stoo. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa kwenye ghala la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Nyerere: nondo, saruji, mabati, rangi, mabomba, misumari. Wengi wakisikia mtunza stoo wanamfikiria mtu wa kushika funguo na kusinzia juu ya mifuko ya saruji. Ngoja nieleze.

Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kilo kumi na nusu na kidogo. Kwa hiyo tani moja ni vipande 93 au 94. Lori likiingia, asiyejua atahesabu vipande, na akikuta vimezidi atamshukuru Mungu. Mimi nikikuta vipande 102 kwenye tani namwambia dereva azime gari. Nondo hiyo imekondeshwa kiwandani. Kwenye karatasi ni milimita 12, kwenye chuma ni kumi na moja na nusu. Naagiza kipande cha mita moja kikatwe, kiwekwe kwenye mizani, na kinatakiwa kicheze kwenye gramu 888. Kikisoma 815, mzigo unarudi. Dereva atapiga kelele, atampigia bosi wake, bosi wake atampigia bosi wangu, na mimi nitakuwa nimekaa na leja yangu nasubiri wamalize. Mtu anayekwenda kupandisha ghorofa kwa nondo ile hatajua kamwe kwamba kuna mama mmoja alimkatalia dereva asubuhi hiyo.

Hiyo ndiyo kazi ambayo mwenzangu anasema niwaachie vijana. Sikatai kuwaachia. Nawafundisha. Ila naomba aniambie, mtu wa miaka 25 aliyetoka chuoni jana, hilo la vipande 102 amelijulia wapi?

Kilichonifanya nitafute kazi nyingine hakikuwa ugomvi. Mshahara ulisimama. Laki nne na nusu ileile wakati sukari inapanda, nauli inapanda na mtoto anaingia sekondari. Kila mwaka tukiulizia nyongeza tunaambiwa biashara ni ngumu, na kila mwaka lori jipya linaingia getini. Halafu akaletwa kijana mwenye shahada awe msimamizi wangu. Nikamfundisha leja. Nikamfundisha kupanga saruji ya zamani mbele ili itoke kabla haijaganda. Nikamwonyesha na madereva wa kuhesabiwa mara mbili. Ni kijana mwema, ananiamkia vizuri, mpaka leo ananipigia simu kuuliza hili na lile, sina kinyongo naye. Ila siku ya kwanza anaingia mshahara wake ulikuwa mara mbili ya wangu, na kilichotutofautisha ni karatasi. Nikasema kumbe ni karatasi, basi nami naitafuta.

Nikajiandikisha masomo ya jioni Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nikaanza na cheti cha ununuzi na ugavi, nikaunganisha na diploma. Darasani nusu ya wenzangu walikuwa rika la mwanangu wa kwanza. Walikuwa wananipa kiti cha mbele kwa heshima na mimi nawapa majibu ya hesabu za stoo kwa siri. Ada niliilipa kwa mchezo wa kina mama wa mtaani na kwa kibubu. Usiku narudi nyumbani wameshalala, chakula kimefunikwa mezani. Sisemi haya nionewe huruma. Nasema ili mwenzangu ajue kwamba bahasha anayoicheka haikuokotwa.

Nikaenda steshenari jirani na kituo cha daladala, kijana wa pale akanifungulia akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Vijana wa steshenari wanastahili barua yao peke yao: hao ndio wanaoingiza nusu ya Dar es Salaam kwenye ajira za serikali, kwa buku mbili tatu, huku wanatoa fotokopi na kulaminisha vyeti. Tatizo la kwanza likajitokeza hapohapo. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha taifa kina jina la mume. Kwa binti wa miaka 23 ambaye hajaolewa jambo hilo halipo. Mimi ikabidi niende kwa wakili kuapa kwamba mimi ni mimi, na kila nakala ya cheti ikagongwa muhuri kwa bei yake.

Tatizo la pili halikuwa na wakili. Yule kijana wa steshenari alishuka chini kwenye masharti ya jumla ya tangazo, akasita, akanitazama. Mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa wale walioko kazini serikalini. Diploma yangu niliipokea nikiwa nimeshavuka. Akaniuliza kwa upole, "Mama, tuendelee au tuache?"

Nimejaribu kuielewa hiyo 45 ilitoka wapi, na niliowauliza wenye uzoefu wa utumishi wa umma wananijibu kwa hesabu. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Toa 45, unabaki na 15. Miaka 15 ndiyo miezi 180, na miezi 180 ya kuchangia ndicho kiwango cha chini cha kumfanya mstaafu apate pensheni ya kila mwezi. Ukiajiriwa na miaka 46 utastaafu hujafikisha. Hesabu ni safi, na kama ndiyo sababu, siibezi.

Lakini hesabu hiyo inamhusu mtu ambaye siku anaajiriwa hajawahi kuchangia popote. Sisi tuliotoka sekta binafsi hatuingii mikono mitupu. Mimi taarifa yangu ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ina miezi zaidi ya 200, imeshapita 180 hata kama nisingefanya kazi siku nyingine, na utaratibu wa kujumlisha vipindi vya kuchangia kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine upo. Mzigo wa pensheni yangu hauiangukii serikali kwa sababu nimeingia kwa kuchelewa. Basi kwa nini sharti lisiseme hivyo? Liseme umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa mwombaji atakayethibitisha miezi 180 ya michango. Ni mstari mmoja tu, na taarifa ya michango mfuko unaitoa, tena siku hizi unaipata kwenye simu. Ofisi ya Rais, Utumishi, kama kuna anayesoma ukurasa huu, naomba alitafakari hilo kabla ya tangazo lijalo.

Na kuhusu kuwazibia vijana: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 na walioomba wakazidi laki moja. Ule msongamano hatukuusababisha sisi wa miaka 46. Sisi hata getini hatukufika.

Nikageukia kampuni binafsi. Huku hakuna hesabu ya pensheni hata ya kusingizia; mwajiri anaandika tu anachotaka. "Umri miaka 25 hadi 35." "Asiwe zaidi ya miaka 40." "Kijana mchangamfu." Nilikuwa naruka matangazo hayo kama ninavyoruka ya magari, nikijua si yangu, mpaka mwalimu wetu mmoja wa sheria za biashara alipotuambia darasani tusiruke, tusome sheria.

Nimeisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi iliyoorodheshwa pale: rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, na mingineyo. Umri umo kwenye orodha. Na ili mtu asiseme kwamba inamhusu aliyekwisha kuajiriwa tu, kifungu hichohicho kinasema ajira ni pamoja na maombi ya kazi, mwajiri ni pamoja na wakala wa ajira, na taratibu zinazoguswa ni pamoja na matangazo na vigezo vya kuchagua watu. Kuvunja masharti hayo ni kosa. Uwazi ambao mwajiri anaweza kuukimbilia kwenye suala la umri ni huu: sifa inayodaiwa iwe inatokana na asili ya kazi yenyewe. Anayetaka mtu wa kuonyesha nguo za watoto, sawa, atafute mtoto. Lakini kazi ya stoo?

Nikaitwa kwenye usaili sehemu chache ambazo tangazo halikutaja umri. Sitazitaja kampuni. Kwenye mmoja walikuwa vijana watatu mezani na maji ya chupa, wananiita mama kila sentensi. Mmoja akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikamwambia nitakuwa na miaka 51 na stoo yenu itakuwa haina upungufu. Wakacheka. Mwingine akauliza kama nitaweza kupokea maagizo kutoka kwa mtu aliye mdogo kwangu. Nikamwambia nimeshayapokea na nimeshamfundisha huyo mtu kuyatoa. Hapo hawakucheka. Swali la nondo hawakuniuliza, wala la saruji, wala nitafanya nini hesabu ya leja isipolingana na iliyopo sakafuni. Wakanitaka nilete hati ya mshahara wa ninakotoka, na nilipoona wanaitazama kwanza kabla ya kutaja chao, nikajua mshahara wao utakuwa wangu wa zamani na nauli juu.

Kuna mambo mengine ya kutafuta kazi ukiwa kazini ambayo kijana hayajui. Wadhamini watatu, kwa mfano. Kijana anaandika mwalimu wake wa chuo, padri, na mjomba. Mimi wanataka bosi wangu wa sasa, yaani nimwambie mtu anayenilipa kwamba namkimbia, kabla sijajua kama nimepokelewa ninakokimbilia. Kuna wafanyakazi wenzangu waliohamishiwa zamu za usiku kwa simu moja tu ya namna hiyo. Nilimwandika mkuu wa stoo aliyestaafu, mzee anayefuga kuku Chanika, na kila simu ikipigwa alikuwa anatoka nje ya banda ili majogoo wasisikike.

Siku za usaili nilizikata kwenye likizo yangu ya mwaka. Watoto wanajua mama yuko likizo, mama yuko Posta amevaa viatu vya kisigino.

Na usiache kazi kwanza ndipo utafute, hata ukichoka vipi. Fao la kukosa ajira linamhusu aliyepoteza kazi. Aliyeandika barua mwenyewe ya kuacha halimhusu. Kiinua mgongo vilevile hulipwa mwajiri anapokuachisha, si wewe unapoaga. Nimeona dada mmoja, mpishi wa kantini, ametupa aproni kwa hasira siku ya Ijumaa, Jumatatu yuko NSSF anaambiwa hivyo dirishani.

Sasa la kujiajiri. Huyu ndugu anadhani hatujawaza. Mimi nimefanya kazi na wafanyabiashara wa Kariakoo muda wote huu, bei za jumla nazijua kichwani, wateja wananijua. Fremu ya kuuza vifaa vya ujenzi mahali penye watu unadaiwa kilemba, yaani fedha ya kupishwa fremu, kabla hata ya kodi, na kodi yenyewe inatakiwa ya miezi sita au mwaka mkononi. Leseni, TIN, mashine ya risiti, mtaji wa mzigo wa kwanza, na mteja wa kwanza atataka akopeshwe kwa sababu anakujua. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ni ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mwanamke nimo, kikundi tulikianza, na fedha ya kikundi cha watu watano ukiigawa haifiki hata nusu tani ya nondo kwa kila mmoja. Isitoshe, mimi sitaki duka. Napenda stoo. Napenda hesabu ikilingana. Kuna watu wameumbwa wauze na kuna watu wameumbwa wahesabu kilichouzwa, na nchi inawahitaji wote.

Kazi niliipata, Mhariri, na naona nieleze nilivyoipata, maana sikuipata kwa tangazo. Kuna msimamizi wa saiti wa mkandarasi mmoja aliyekuwa akija ghalani kuchukua mzigo. Tulikuwa hatupatani hata kidogo. Anataka apakie upesi, mimi nataka asaini kila karatasi. Akisema vipande mia tatu, nahesabu mimi na yeye tena. Siku moja aliniambia nina roho mbaya. Mwaka jana kampuni yao ilipata hasara ya vifaa kuyeyuka saiti, saruji inaingia haionekani ukutani, na alipoulizwa kama anamjua mtunza stoo yeyote asiyezungumzika, akataja ghala letu. Nikaitwa. Usaili ulikuwa juu ya rundo la nondo, si mezani. Aliniuliza tani kumi za milimita 16 ni vipande vingapi. Nikamwambia 528, na akipewa 550 arudishe.

Wakataka nianze Jumatatu. Nikawaambia sheria inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kama nitamtoroka mwajiri wa sasa, nao siku moja nitawatoroka. Wakasubiri. Mkataba ni wa miaka miwili, umeandikwa, una bima ya afya, na mshahara ni laki nane. Namshukuru Mungu.

Watu watasema ni kujuana. Aliyenipatia kazi si shemeji wala mtu wa kwetu. Ni mtu niliyegombana naye juu ya hesabu na hesabu yangu ikawa ndiyo sahihi. Lakini nakubali jambo moja: njia hiyo haimfikii kila mtu. Mhasibu anayekaa chumba cha nyuma, fundi wa mashine za kiwandani, mwuguzi wa zahanati ya binafsi, kazi zao hazionwi na mtu wa nje. Hao tangazo ndilo mlango wao pekee, na tangazo likisema 35 wamekwisha kufungiwa.

Ndiyo maana nina neno na wewe Mhariri. Katika toleo lako la Jumatano, ukurasa wa matangazo madogo, kuna kampuni inatafuta mtunza stoo "umri miaka 25 hadi 35, uzoefu usiopungua miaka 10". Yule wa miaka 25 alianza stoo akiwa na miaka 15, na mwajiri wake wa wakati huo huenda ana kesi nyingine ya kujibu. Nimelikata tangazo hilo na ninaliambatisha hapa. Gazeti lako liliandika tahariri nzuri sana juu ya haki za wafanyakazi Mei Mosi, nimeihifadhi. Na kurasa chache mbele ya tahariri ileile kulikuwa na matangazo mawili ya namna hii, yamelipiwa. Ninajua matangazo ndiyo yanayolipa karatasi na wino. Lakini sidhani mngechapa tangazo linalosema mwombaji asiwe wa kabila fulani, hata mkilipwa mara tatu, na kabila na umri viko kwenye orodha moja ya kifungu kimoja.

Sikuombi mkatae fedha yao. Naomba mpokeaji wa matangazo hapo ofisini kwenu awapigie simu walioleta hili la Jumatano, awaulize ni kitu gani ndani ya kazi ya stoo kinachomtaka mtu asizidi miaka 35. Wakiwa na jibu, lichapeni pamoja na tangazo. Wasipokuwa nalo, mstari huo uondolewe na tangazo litoke bila huo. Kamishna wa Kazi naye anasoma magazeti, bila shaka. Nakala ya barua hii nimempelekea.

Wako msomaji,
Mtunza Stoo,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam
(jina na namba ya simu unavyo mezani kwako, naomba visichapwe)